Muulize Shangazi: Septemba hii inanitoa roho. Nitumaini au nijizuie?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, huu ni mwaka wangu wa 9 naishi Kent, jimbo la Washington, kusini kidogo ya Seattle. Nafanya kazi ya usiku ghalani. Besiboli nimeikuta huku. Wenzangu walikuwa wanaweka redio ndogo karibu na mlango wa kupakilia mizigo, nami nikaanza kuuliza maswali. Mwaka 2022 ndipo uliponiingia damuni. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 30 Septemba, awamu ya tisa, ya mwisho, auti mbili (wapigaji wawili wameshatolewa, wa tatu akitolewa zamu inaisha), wakamwingiza Cal Raleigh kama mpigaji wa akiba. Aliupiga mpira ukavuka uzio, na Mariners, timu yetu ya Seattle, iliyokaa miaka 21 bila kufika hatua ya mtoano, ikafika. Wanaume wazima walikumbatiana kati ya makontena.

Tangu hapo nimeumia. Mwaka 2023 tulikosa nafasi kwa mchezo mmoja. Mwaka 2024 katikati ya Juni tuliongoza kundi kwa michezo 10, ikayeyuka yote ndani ya wiki chache, na mwisho tukakosa tena kwa mchezo mmoja. Sasa nakuandikia usiku wa Alhamisi, tarehe 18 Septemba 2025. Tumetoka kushinda michezo 10 mfululizo, Raleigh ameifikia rekodi ya klabu ya Ken Griffey Jr. ya homurani 56 (mipira iliyovuka uzio) kwa msimu, na tuko sawa kabisa na Houston Astros: ushindi 84, kushindwa 69. Kesho tunaanza michezo mitatu kwao.

Mchana silali. Nikifumba macho naona msimamo wa ligi. Binti yangu wa miaka 8 hunipokea mlangoni kila asubuhi nikitoka kazini: "Baba, tutachukua?" Marehemu baba yangu alikuwa shabiki wa Coastal Union, timu ya soka ya Tanga. Aliuona ubingwa wa 1988, akakaa akingoja wa pili mpaka tukamzika. Naogopa nisije nikamrithisha mwanangu kungoja. Nimjibu nini? Na ruhusa ya Oktoba niiombe sasa, au kuomba mapema ni kujitafutia nuksi?

Mgosi, Kent

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na nakujibu leo leo Ijumaa, kabla mchezo wa kwanza wa Houston haujaanza. Toleo hili litatoka Jumatatu, na ningesubiri mpaka siku hiyo ningekuwa najibu nikiwa nimeshajua matokeo. Mtu mwenye hofu hajibiwi hivyo.

Wasomaji wengine wanivumilie kidogo, kwa sababu wengi wetu tumekulia mpira wa miguu. Besiboli ya Marekani ina timu 30 katika ligi mbili, na kila moja inacheza michezo 162 kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, karibu kila siku. Sare haipo. Mabingwa wa makundi sita wanaingia mtoano, pamoja na timu tatu nyingine bora kutoka kila ligi. Shabiki wa soka ana siku moja ya homa, kisha wiki nzima ya kupoa. Huku homa ni ya kila jioni, na ikifika Septemba unaumwa mara mbili, kwa mchezo wenu na kwa mchezo wa mpinzani wenu. Mariners ilianzishwa 1977, na mpaka naandika haya, Septemba 2025, ndiyo timu pekee kati ya zote 30 ambayo haijawahi kucheza World Series, fainali ya ubingwa. Kabla ya msimu huu, ubingwa wa kundi lake iliuchukua mara ya mwisho 2001, mwaka ule iliposhinda michezo 116, halafu Yankees wakaitoa Oktoba. Huyu kijana hasumbuki bure.

Mimi besiboli nilifundishwa na bibi mmoja wa Queens, New York, niliyekuwa nikimhudumia nyumbani kwake kwa miaka minne. Miguu yake ilikuwa imekataa, lakini mkono wa kulia ulikuwa mzima, na kwa mkono huo aliandika kila mchezo wa Mets, timu ya Queens, ndani ya daftari. Penseli aliichonga mwenyewe kwa kisu cha jikoni. Kila mchezaji ana namba ya nafasi yake uwanjani: mrushaji ni 1, mdakaji ni 2, wa besi ya kwanza ni 3, mpaka mlinzi wa kulia ambaye ni 9. Mpigaji akikosa mipira mitatu unaandika K. Akisimama tu akautazama ule wa tatu ukipita, K unaigeuza iangalie nyuma. Miezi miwili ya mwanzo niliona ni kazi ya kupoteza muda. Mwezi wa tatu nikajikuta namkumbusha, "Bibi, huyo hujamwandika."

Bibi huyu alikulia Brooklyn, akiipenda Dodgers kabla haijahamishiwa Los Angeles. Agosti 1951 Dodgers iliongoza kwa michezo 13 na nusu. Giants wakaikimbiza mpaka wakalingana nayo, zikacheza michezo ya kuamua, na tarehe 3 Oktoba, Dodgers ikiwa inaongoza 4 kwa 1 kuingia nusu ya mwisho ya awamu ya tisa, Bobby Thomson akapiga homurani iliyomaliza kila kitu, 5 kwa 4. Yeye alikuwa mtoto wa miaka 11, anasikiliza redio kwenye ngazi za jengo lao. Aliniambia mama yake aliwasha jiko kama kawaida, na yeye alishangaa kwamba watu wangeweza kula. Lakini bibi huyo huyo alikuwepo 1969, Mets ilipokuwa nyuma ya Cubs kwa michezo 10 katikati ya Agosti, timu ambayo mwaka uliotangulia ilimaliza ya tisa kati ya kumi. Ikawapita, na ikachukua World Series. Yote mawili yalikuwa ndani ya mtu mmoja. Septemba ikifika nilimwona akiwa na yote mawili usoni kwa wakati mmoja, na hakujaribu kulifukuza hata moja.

Sasa nikueleze ya 2007, maana hiyo niliiona kwa macho yangu. Tarehe 12 Septemba Mets iliongoza kundi kwa michezo 7, imebakiza 17. Mimi nilianza kuzungumza habari za Oktoba waziwazi. Bibi alinyamaza. Wakashindwa, wakashindwa, Phillies wakawafikia. Jumamosi ya mwisho, tarehe 29, John Maine akarusha karibu awamu nane bila kupigwa hata mpira mmoja wa maana, tukashinda 13 kwa 0, na matumaini yangu yote yakarudi kwa usiku mmoja. Nililala na furaha kama ya mtoto anayengoja Idi.

Jumapili mrushaji alikuwa Tom Glavine, mkongwe, mtu wa kuaminiwa. Alipata auti moja tu. Besi zikiwa zimejaa wakimbiaji wao, mpira wake ukampiga mwilini Dontrelle Willis wa Florida Marlins, ambaye naye ni mrushaji, na kwa sheria hiyo ni pointi ya bure. Glavine akatolewa akiwa ameacha deni la pointi saba katika awamu ya kwanza. Tulishindwa 8 kwa 1, na Phillies wakashinda mchezo wao siku hiyo hiyo.

Nilipoona pointi ya saba nilinyoosha mkono kuzima televisheni. Bibi akanishika kifundo cha mkono. Hakusema kitu. Akaichonga penseli, akaendelea kuandika, awamu ya pili, ya tatu, mpaka auti ya 27. Halafu chini ya ukurasa akaandika tarehe, akafunga daftari, akaniomba chai. Aliishi misimu miwili baada ya hapo, na mmoja wao, 2008, Mets iliupoteza tena siku ya mwisho, tena mikononi mwa timu ile ile ya Florida. Aliuandika nao.

Nimeyaeleza kwa urefu kwa sababu ndani yake ndimo limo jibu langu la kwanza kwako. Wewe unataka kupunguza tumaini ili maumivu yawe madogo. Nilijaribu hivyo 2008. Septemba nzima nilijifanya sijali, na siku ya mwisho iliniuma vile vile, tofauti ni kwamba mwezi mzima wa kufurahi nilikuwa nimeutupa mwenyewe. Bei ya kushindwa utailipa tu, uwe umetumaini au hukutumaini. Basi tumaini, mwanangu. Uchukue mwezi wako.

Kuhusu usingizi, tafuta daftari. Nasema kwa uzito kabisa. Mtu anayeandika anashughulika na mpira huu uliopo, kisha unaofuata. Hofu yako yote imekaa kwenye michezo ambayo bado haijachezwa. Houston wako mbele yenu kwa saa mbili, kwa hiyo michezo ya usiku ya huko mnaipata jioni mapema, kabla hujaingia kazini. Andika mpaka mwisho, halafu simu ikae mfukoni mpaka asubuhi. Msimamo wa ligi haubadiliki kwa kutazamwa.

Najua pia kwa nini kifua kinakubana zaidi safari hii. Zamani timu zikilingana zilicheza mchezo mmoja wa ziada. Tangu 2022 haupo tena. Anaangaliwa nani alimshinda mwenzake mara nyingi zaidi ndani ya msimu. Kwa hiyo michezo hii mitatu ni kama inahesabiwa mara mbili. Kuogopa hapo si udhaifu wa imani, ni kuujua mchezo.

Binti yako. Akiuliza "tutachukua?", mjibu, "Sijui, mama. Njoo tuangalie." Mtoto wa miaka 8 anaweza kabisa kubeba "sijui" ya baba yake. Asichoweza kubeba ni kuahidiwa, halafu akuone umejifungia chumbani. Na msimulie ya 1995, ni hadithi ya mji wake. Mwanzoni mwa Agosti Mariners ilikuwa nyuma ya Angels kwa michezo 13, na Griffey bado yuko nje kwa kuvunjika kifundo cha mkono. Msimu ukaisha wamelingana, wakacheza mchezo mmoja wa kuamua, Randy Johnson akarusha, Seattle ikashinda 9 kwa 1. Mwambie hivyo, kisha umwambie pia kwamba Angels nao walikuwa na akina baba na mabinti zao siku ile. Atakuelewa.

Unasema unaogopa kumrithisha kungoja. Hebu isome tena barua yako. Baba yako alifariki, lakini mwaka 1988 unaujua, na ulipotafuta jina la kusaini ukaandika Mgosi, uko Kent, jimbo la Washington. Ukiwa mdogo ulikaa naye mahali, kwenye benchi au pembeni ya redio, akakueleza nani alimpasia nani. Wagosi wa Kaya, yaani Coastal Union, hawajachukua ubingwa mwingine mpaka leo, na sidhani kama ungekubali mtu akunyang'anye zile jioni kwa sababu hiyo.

Ruhusa ya Oktoba usiiombe sasa. Nuksi siiamini, sababu ni kwamba Oktoba bado si yako, na msimamizi wako atakupa siku chache tu, usizitumie kwa kitu kisichokuwepo. Kilichopo ni hiki: wakitoka Houston, Mariners wanarudi nyumbani kwa michezo sita ya mwisho, mitatu dhidi ya Colorado Rockies kuanzia Jumanne tarehe 23, kisha mitatu dhidi ya Dodgers. Rockies mwaka huu ni timu dhaifu kuliko zote, tiketi hazitakuwa ghali kama za wikiendi. Omba usiku mmoja, Jumatano tarehe 24. Mama yake akiruhusu, mtoto alale mchana kidogo akitoka shule. Mkae juu, hata mbali, upande wa besi ya tatu ili amwone mrushaji vizuri. Mbebee sweta, Septemba ya Seattle jioni ina baridi.

Na nunua madaftari mawili. Mwanzo mpe kazi moja tu, ya kuandika K. Raleigh akija kupiga, mwachie aweke penseli chini atazame. Akirudi nyumbani aandike tarehe juu ya ukurasa wake wa kwanza, kwa mkono wake mwenyewe, matokeo yawe yoyote, nawe unitumie picha yake.