Kutoa damu ya mtoto mwenye ualbino kwa ajili ya utafiti

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Niko Kasulu. Binti yangu ana miaka 9 na ana ualbino. Wamekuja watafiti, wanaomba mate na damu yake kidogo wachunguze mambo ya ngozi. Shemeji yangu anasema mwili ni amana ya Allah, damu ni najisi, na kuitoa ni kuuza kiungo cha mtoto. Mimi hata nywele zake nikimsuka nazichoma mwenyewe jikoni. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumus salaam, dada yangu. Hizo nywele unazozichoma zimeninyima usingizi. Watoto kama wako wamekatwa viungo kwa ajili ya waganga, mpaka wengine wakapelekwa kuhifadhiwa Kabanga, wilayani kwako hapo hapo. Asikuambie mtu kuwa hofu yako ni upungufu wa imani.

Ama maneno ya shemeji yako hayana mashiko. Mwili ni amana, naam, na amana hutunzwa. Mtume (s.a.w.) alipigwa chuku, yaani aliumikwa, na Abu Taiba, damu ikatoka, na akamlipa ujira wake. Kama kutoa damu ni kuvunja amana, angekubali? Unajisi wa damu unahusu kuila na kuiosha nguoni. Na shemeji huyo akishikwa na homa, hatoi kidole apimwe malaria? Kuuza kiungo ni haramu, hatubishani. Lakini anayetoa matone ya kuchunguzwa ameuza nini, na kwa bei gani? Mtume amesema Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa, na dawa hutafutwa. Saratani ya ngozi inawaondoa hawa ndugu zetu wangali vijana. Wakikosekana kwenye utafiti, dawa itapimwa kwa ngozi za wengine.

Kwa hiyo inajuzu. Ila usiweke dole gumba siku ya kwanza. Kule Arizona, Marekani, kabila dogo la Wahavasupai walianza kuwapa damu watafiti wa chuo kikuu mwaka 1990, wakijua ni ya utafiti wa kisukari. Baadaye wakagundua imechunguziwa hata maradhi ya akili na asili ya kabila lao. Walishtaki, na mwaka 2010 chuo hicho kikakubali kuwalipa dola 700,000 na kuwarudishia damu yao. Ile ilikuwa khiyana, na Waislamu hushikamana na masharti yao.

Waombe watafiti wakuonyeshe kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Fomu usomewe kwa Kiswahili, au Kiha kama ndicho unachokielewa zaidi. Uliza damu itachunguzwa nini, itavuka mpaka au haivuki, na ikibaki itapelekwa wapi. Ukitaka kuona kichupa kinavyoandikwa namba, simama hapo uone.

Kisha muulize binti mwenyewe. Hajabaleghe, na idhini ni ya walii wake, lakini akilia na kukataa, mwacheni. Sindano hii si tiba yake, hapana sababu ya kumshika kwa nguvu. Nawe ukikataa huna dhambi, na kliniki haina haki ya kumnyima matibabu.

Kofia pana na mikono mirefu asiviache. Nywele endelea kuzichoma. Siku ya kusomewa fomu nijulishe mapema, nitapanda gari hapa Ujiji nije tuisikilize pamoja.

Wallahu aalam.