Si wakanyage mafuta tu?

SWALI: Mimi ni dereva wa lori. Juni 2021 Wachina walirusha Shenzhou-12 ikiwa na watu watatu. Ilifika angani kwa dakika kumi hivi, halafu ikachukua saa sita na nusu kukifikia kituo chao. Kituo chenyewe kiko kilomita 390 juu, pungufu ya safari ya Dar hadi Dodoma. Huko hakuna hewa wala uvutano wa dunia, sasa kinachochelewesha ni nini? Si wakanyage mafuta tu?

JIBU: Ndugu dereva, kilomita zako umezipiga vizuri. Kilichonikera ni hilo la uvutano. Nalisikia kila muhula, tena kwa wanafunzi waliofaulu fizikia, na wengi wamelitoa darasani.

Uvutano upo. Kwenye kimo cha kilomita 390 bado ni asilimia 89 hivi ya huu unaokubana kitini. Ungejengwa mnara mrefu kiasi hicho, mtu wa kilo 60 akapanda na mizani yake, ingemsomea 53. Wanaanga wanaelea kwa sababu wao, kituo na maji yao ya kunywa vyote vinaanguka pamoja, huku vikienda mbele karibu kilomita 7.7 kila sekunde. Wanaanguka, na dunia kwa uviringo wake inazidi kuwakwepa. Juni 2013 mwanaanga wa China, Wang Yaping, alifundisha somo akiwa ndani ya Tiangong-1, kituo chao cha awali: aliusukuma mpira uliofungwa kwenye uzi, nao badala ya kubembea ukazunguka duara. Uzi wala mpira haukuwa wa ajabu. Ni kwamba mpira na kilichoushika vilikuwa vinaanguka sawia.

Na uvutano huohuo ndio unaokukatalia kukanyaga mafuta. Barabarani, aliye mbele unamfikia kwa kuongeza mwendo. Angani, ukisukuma kwenda mbele unapanda juu, mzunguko unarefuka, mwendo unapungua, na unayemfukuza anakuacha. Alishajaribu James McDivitt, rubani hodari wa Marekani, Juni 1965 ndani ya chombo cha Gemini 4. Alitaka kukisogelea kipande cha roketi yake mwenyewe, akakielekea moja kwa moja, kikazidi kumtoroka. Mafuta mengi yaliteketea bure na zoezi likaachwa.

Kwa hiyo anayetaka kufika huanzia chini. Roketi huiacha Shenzhou kwenye mzingo, yaani njia ya kuizunguka dunia, ulio chini ya kituo, ambako njia ni fupi na mwendo ni mkali zaidi. Inapunguza pengo duru kwa duru, injini zinawashwa kwa vipindi vilivyopimwa, na mita za mwisho inanyata. Shenzhou-9, mwaka 2012, ilichukua kama siku mbili. Shenzhou-21, mwaka 2025, ilichukua saa tatu na nusu. Waliofupisha safari ni wapiga hesabu. Mguu wa dereva haukuhusika.

Sasa hawa wa vipande vya video, wanaodai safari za angani ni uongo. Wanaanza na "hakuna uvutano", wanaongeza kwamba basi maji yangetawanyika, wanamaliza kwamba kila kitu kimepigwa studio. Maji yanashikamana yenyewe, hata kwenye jani la mgomba yanafanya tone. Anayekupa jibu la sekunde thelathini bila kukuonyesha hesabu hata moja, muulize kitu kimoja: Tiangong-1 iliangukaje Bahari ya Pasifiki Aprili 2018 kama hakuna kinachovuta? Miezi ile watu haohao walikuwa wakitutisha kwamba itatudondokea kichwani. Leo hakuna uvutano, juzi ulikuwepo.

Na hewa nayo ipo huko juu, ndugu dereva, nyembamba mno lakini ipo. Ndiyo iliyoishusha Tiangong-1. Kituo cha sasa nacho inakivuta chini kidogo kidogo, ndiyo maana kila baada ya muda huwashwa injini kikapandishwa tena.