Jibu: Ukurasa wa kuwaonyesha wazazi kazi za watoto

Mwalimu, umeuliza utengeneze vipi ukurasa wa mtandaoni ambao wazazi wataonea kazi za mikono za darasa la tatu. Kwanza pata idhini yao. Hapa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mzazi au mlezi akubali kabla hujatumia taarifa za mtoto. Ukurasa wenyewe ufunge kwa nywila. Piga picha kazi yenyewe, si uso: kikapu cha makuti na vidole vinavyokisuka vinatosha kumfurahisha mama yeyote. Zima GPS ya kamera, maana picha hubeba mahali ilipopigwa. Halafu punguza ukubwa wa faili ya picha hadi kama KB 150. Wengi watafungua kwa simu, kwa bando la shilingi ishirini, na tusiwamalizie.