Barua kwa Mwanangu: Je, Mungu Hujuta?

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema umekwama katika Samweli wa Kwanza sura ya 15: mstari wa 11 Mungu anajuta kumtawaza Sauli, mstari wa 29 Samweli anasema Mungu si binadamu hata ajute, halafu mstari wa 35 anajuta tena. Unauliza kama wafasiri wetu walikosea. Hapana, mama. Katika Kiebrania mistari yote mitatu ina kitenzi kimoja, chenye mzizi N-H-M, na hiyo H hutamkwa kooni kama ya Kiarabu.

Fungua Mwanzo 6:6. BWANA anamtazama mwanadamu aliyemfanya, na Biblia yetu inasema "akaghairi". Kiebrania kinasema *wayinahem*. Sasa nenda 24:67. Isaka amefiwa na mama yake, Sara. Anamwoa Rebeka, anampenda, kisha "akafarijika". Neno ni lilelile, *wayinahem*, herufi kwa herufi. Siku nilipoligundua hilo nilifunga kitabu nikakaa kimya.

Katika maandishi ya Kiebrania, tazama nukta iliyo ndani ya herufi nuni, yaani N, ya neno hilo. Inaonyesha kuwa hapo zimo N mbili: moja ya mzizi, nyingine ya mnyambuliko uitwao Nifali, iliyomezwa na mwenzake. Sisi hunyambulisha mwishoni mwa kitenzi, fariji ikawa farijika. Wao huweka N mbele, na jambo humpata mtenda mwenyewe, ndani yake. Mnyambuliko wa Pieli ndio wa kumfariji mwingine. Kutokana na mzizi huo tumepata jina Nehemia, yaani BWANA amefariji, na Kapernaumu, kijiji cha Nahumu.

Sasa mtu mmoja anaghairije na mwingine anafarijikaje kwa neno moja? Unakumbuka bibi yako alipofariki, nilivyokaa mkekani siku zote za matanga bila kuonja chakula. Jioni moja ukaniletea uji, nikaunywa. Huzuni ilikuwepo bado, ila moyo ulikuwa umegeuka. Mimi naamini mgeuko huo wa moyo ndio kiini cha kitenzi hiki. Mgeuko unaelekea wapi, maneno yanayokizunguka kitenzi ndiyo husema. Kwa Isaka ulielekea kwenye nafuu. Katika Mwanzo 6:6 maneno yanayofuata ni "akahuzunika moyo", basi hapo ni uchungu.

Ndiyo maana "kujuta" kwetu kunabana kidogo. Anayejuta, kwa Kiswahili, mara nyingi amegundua kosa lake. Mstari wa 11 mimi ningeusoma "nimeumia moyo".

Na ule wa 29? Rudi nyuma mistari miwili: Sauli ameshika upindo wa vazi la Samweli hadi likararuka, anataka nabii asiondoke. Hapo Samweli anazungumzia hukumu ya kumwondolea Sauli ufalme: imetoka, haibembelezwi kama ya mwanadamu wa leo hivi, kesho vile. Hukumu haikugeuka, lakini moyo wa aliyeitoa uliumia. Mwandishi aliyaweka yote mawili katika sura moja, wala sidhani alisahau alichoandika juu. Usome mstari wa 35 wote, taratibu: Samweli anamlilia Sauli, na BWANA naye anaumia kwa ajili ya mtu huyohuyo.

Ukija likizo tutasoma Isaya 40:1. Kitenzi hiki kimo mara mbili mfululizo, katika Pieli.

Baba yako