Maswali yenu: waini nyekundu za milimani kule Rhône

Toleo lililopita niligusia Côte-Rôtie, eneo la milimani linalotoa waini nyekundu yenye jina hilohilo, na majirani zake wa kaskazini mwa bonde la mto Rhône, Ufaransa, nikasema kwangu mi hakuna waini nyekundu inayozifikia za huko. Maswali yamekuja mengi kuliko nilivyotegemea. Haya hapa machache, mengine nimeyafupisha.

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni mhudumu kwenye loji moja huku Usa River. Juzi mgeni kaulizia Côte-Rôtie, hatuna, nikampelekea Shiraz ya Afrika Kusini maana niliambiwa ni zabibu ileile. Alikunywa akashukuru ila akasema hii ni kitu kingine kabisa. Nilikosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hujakosea, zabibu ni moja. Ufaransa wanaiita Syrah, Australia na wengi wa Afrika Kusini wanaandika Shiraz. Kinachotofautiana ni inakoota. Kule Rhône kaskazini, kuanzia Vienne kusini ya Lyon mpaka karibu na Valence, zabibu inaiva polepole, hali ya hewa haiisukumi, kwahiyo waini inatoka na ule ukali wa pilipili manga, harufu ya maua, zeituni nyeusi, na kitu kama nyama iliyokaushwa kwa moshi, afu pombe yake haiko juu sana, 13 kwa mia hivi. Na hiyo pilipili manga watu wanaisikia kweli, kuna kemikali inaitwa rotundone, iko kwenye pilipili manga na iko pia kwenye ganda la Syrah, na sehemu za baridi inajitokeza zaidi. Kwenye jua kali zabibu inaiva haraka, sukari inapanda, unapata waini nzito yenye ladha ya matunda yaliyoiva sana na pombe 14 na kitu. Nayo ni nzuri, ila mgeni wako alikuwa anatafuta nyingine. Siku nyingine angalia kwenye menyu yenu kama kuna ya Afrika Kusini ambayo lebo imeandikwa Syrah badala ya Shiraz, mara nyingi mwenye shamba anaandika hivyo kuonyesha kwamba anafuata mtindo wa Rhône. Mpelekee hiyo na umwambie ukweli kwamba Côte-Rôtie hamna, wageni wanaheshimu sana mhudumu anayejua anachosema.

SWALI: Ni kweli hiyo zabibu ilitoka mji wa Shiraz kule Uajemi, kama wale Washirazi wa pwani? Babu yangu ni wa Tanga huwa anapenda sana kusema hivyo. (Msomaji, Ngarenaro)

JIBU: Msalimie babu, lakini hapana. Mwaka 1998 watafiti wa chuo kikuu cha California pale Davis na wenzao wa Montpellier walipima DNA wakapata wazazi wa Syrah, ni Dureza na Mondeuse Blanche, zote mbili za kusini mashariki mwa Ufaransa. Yaani ni mtoto wa hukohuko.

SWALI: Dada habari za kazi. Nilikuwa natafuta bei ya hizi waini nikashtuka, chupa moja hela ya kununua mbuzi na chenji ikabaki. Hivi tunalipia jina tu au kuna kitu? (Kiboriloni, Moshi)

JIBU: Salama kabisa. Kitu kipo, na ni mlima.

We wa Moshi utanielewa haraka. Chukua vile vihamba vya juu Kibosho, pale ambapo ukiangusha ndizi inabiringika mpaka kwa jirani, afu ondoa migomba na kivuli chote ubakize mawe. Côte-Rôtie sehemu nyingine mteremko unapita asilimia 60. Trekta haipandi. Wamejenga kuta za mawe kushikilia udongo, na mvua kubwa ikibomoa ukuta ni watu wanapanda kuujenga tena jiwe kwa jiwe, udongo ulioteremka unarudishwa juu. Kulima wanatumia jembe la mkono, au farasi, au winchi inayofungwa juu inavuta jembe kwa kamba huku mtu analishikilia nyuma. Kila mche unafungwa kwenye mti uliochomekwa ardhini, maana waya hazipangiki vizuri pale na upepo wa kaskazini unapiga sana. Kuvuna ni mkono mtupu, na makreti yanashushwa na watu.

Na ukishafanya yote hayo unapata kidogo. Miche inabananishwa, 8,000 mpaka 10,000 kwenye hekta moja, na sheria yao inaruhusu waini kama lita 4,000 tu kwa hekta. Piga hesabu mwenyewe: mche mmoja, mwaka mzima wa kuupogolea na kuufunga na kuupalilia, unakupa nusu lita au pungufu. Hapo bado hujaweka gharama ya mapipa ya mwaloni na miaka ya kusubiri.

Ndo maana karibu life lile eneo. Wadudu wa filoksera waliua mizabibu karne ya 19, vita ya kwanza ya dunia ikachukua vijana, waliobaki wakaona bora kazi ya kiwandani kuliko kujiua mlimani kwa waini ambayo ilikuwa inauzwa bei ya kutupa. Kufika miaka ya 1970 zilikuwa zimebaki chini ya hekta 100. Iliyosaidia kuirudisha ni familia ya Guigal, watengeneza waini wa kijiji cha Ampuis hukohuko, wakaanza kutoa waini ya kipande kimoja kimoja cha shamba, La Mouline ya kwanza ya mwaka 1966, La Landonne 1978, La Turque 1985, zinakaa kwenye mapipa mapya miezi 42. Dunia ikashtuka, bei ikapanda, na bei ilipopanda ndo watoto wa wakulima wakarudi kujenga kuta. Leo ni zaidi ya hekta 300. Kwahiyo mi nikiona bei kubwa pale sikasiriki, naona ni bora kuliko mlima kurudi kuwa msitu. Za majina makubwa kweli zinapandishwa na matajiri wanaokusanya chupa, hizo tuwaachie wenyewe, lakini chupa ya kawaida ya euro 50 na kidogo, jasho lake lipo mle ndani.

SWALI: Nimesikia wanachanganya zabibu nyeupe kwenye waini nyekundu. Si ndo kuchakachua huko? (Dada wa Njiro)

JIBU: Hapana dada yangu, na wameanza zamani sana. Côte-Rôtie sheria inaruhusu Viognier, zabibu nyeupe yenye harufu kali nzuri, mpaka asilimia 20, ingawa wengi wanaweka chache tu na wengine hawaweki kabisa. Sharti ni kwamba zichachuke pamoja kwenye tangi moja, huwezi kumimina waini nyeupe baadaye. Na cha ajabu rangi inashika vizuri zaidi, maana vitu vilivyomo kwenye ganda la nyeupe vinaikamata rangi ya nyekundu. Majirani zao nao wana sheria zao: Hermitage wanaruhusiwa 15 kwa mia za Marsanne na Roussanne, nazo ni zabibu nyeupe, Saint-Joseph 10. Cornas wao hawataki mchezo, Syrah tupu.

SWALI: Dada shikamoo. Naoa mwezi wa pili, ukweni ni Machame na ndafu itakuwepo. Baba mkwe alisoma Ulaya anapenda waini nyekundu, nataka nimpe chupa ya huko Rhône na nyingine chache za meza yake. Ninunue ipi, na kwa joto la Moshi naitunzaje?

JIBU: Marahaba, na hongera sana. Ndafu na Syrah ni kitu kimoja naweza kukitetea popote. Mafuta ya mbuzi yanalainisha ile tanini inayokausha ulimi, na ule moshi wa nyama unakutana na moshi wa kwenye waini. Kwa zawadi yake binafsi, kama mfuko unaruhusu, mtafutie Cornas au Côte-Rôtie yenye miaka nane kumi hivi, changa huwa imejifunga haisemi kitu. Hermitage nayo ni kubwa lakini shamba lote ni kilima kimoja cha kama hekta 135 pale Tain, kuipata Arusha ni kazi. Za mezani chukua Crozes-Hermitage, ardhi yake nyingi ni tambarare, trekta inapita, bei inakuwa nusu au chini ya nusu. Saint-Joseph inakaa katikati. Hizi mbili zinanyweka zikiwa na miaka mitatu minne.

Joto sasa. Watu wanasema waini nyekundu inanywewa kwa joto la chumba, Moshi mwezi wa pili chumba kina 30 na zaidi, ukiimimina hivyo utasikia pombe tu. Inatakiwa iwe 16 mpaka 18, kwahiyo ikae friji kama saa moja na nusu kabla ya kufungua. Isikae kwenye buti la gari juani kutoka Arusha, hata saa moja usijaribu. Ifungue mapema, imimine kwenye jagi safi la glasi ipumue.

Na kitu kimoja, hizi ni kavu, hazina sukari. Meza nyingine weka tamu watu walizozoea, na mbege, usimlazimishe shangazi mtu.

SWALI: Mi ni mkulima Marangu, kahawa imenichosha. Mteremko ninao, tena mkali. Kwanini nisipande Syrah? (Mzee wa Marangu)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kule Rhône wako latitudo ya 45 kaskazini, jua lao linapita chini, kwahiyo shamba likiinamia kusini linalipokea uso kwa uso na linajikinga na upepo wa baridi, pale Côte-Rôtie bila huo mteremko Syrah ingeiva kwa shida. Sisi tuko digrii 3 tu kutoka ikweta, jua liko utosini, mteremko hautuongezei kitu zaidi ya kazi. Kubwa zaidi ni mvua. Huko kwako inanyesha sana, na mzabibu ukilowa majani muda wote ugonjwa wa ukungu unaoitwa ubwiri vinyoya utakumaliza kwa gharama za dawa. Tena kule wana baridi kali inayoulaza mzabibu miezi kadhaa, hapa haulali, unaamshwa na kulazwa kwa kupogolea. Dodoma wanaweza kwasababu ni kukavu, na wanavuna mara mbili kwa mwaka. Kama moyo unataka kweli, mzee, tafuta kipande huku chini kunakokauka, upande wa kwenda Same, uwe na maji ya kumwagilia, na kabla hujanunua mche hata mmoja nenda kaongee na watu wa TARI Makutupora Dodoma, ndo wanaofanya utafiti wa zabibu nchini. Juu Marangu acha kahawa yako.