Kabla hujanunua lenzi ya kupigia vipepeo

Mkuu, umeuliza mambo matatu. Una kamera yenye ile lenzi ndogo iliyokuja nayo dukani, na kila ukimsogelea kipepeo anaruka. Muuza kamera amekwambia ununue lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu sana, ya mm 100 na shida itaisha. Na unataka kujua mwezi gani uende Amani, ile hifadhi ya msitu milimani juu ya Muheza. Mimi ni mwenyeji wa Muheza, napiga picha za vipepeo kwa miaka mingi, nyumbani na huko juu milimani, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Kuhusu lenzi: usinunue chochote kwa sasa. Kipepeo anakukimbia kwa sababu unamfuata saa ambayo mwili wake umeshapata moto, na mahali ambapo hana la kumfanya atulie. Ukishajua anakaa wapi, saa ngapi, na anakula nini, hata simu itakupa picha ya kuweka ukutani.

Kipepeo hatengenezi joto lake la ndani kama sisi. Misuli ya mabawa inahitaji kifua kifikie joto la nyuzi 30 hivi ndipo aruke vizuri, na joto hilo analipata kwa kuota jua. Amani iko mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku kuna baridi, hasa wakati wa kipupwe, na asubuhi ukungu unakaa juu ya miti. Ukungu ukishapanda, kati ya saa mbili na saa nne, vipepeo hutoka na kutua kwenye majani yanayopigwa na jua la kwanza, mabawa wameyatandaza kabisa, wameligeuzia jua mgongo. Hapo unaweza kumkaribia mpaka ukaona magamba ya bawa. Ukanda wa pwani nafasi hiyo huja mapema na hupita haraka, ikifika saa tatu na nusu imekwisha. Kuanzia hapo mpaka alasiri, wale wa kwenye jua waache. Ingia kivulini msituni, kuna wengine huko, nitawafikia.

Alasiri, kuanzia saa kumi na moja kasoro, rudi kwenye nyasi. Watafute jamii ya Acraea, wale wa wastani wenye rangi ya chungwa au nyekundu na madoa meusi, wanaoruka polepole kama karatasi. Wengi wao wana sumu mwilini, ndege wanawaacha, kwa hiyo hawana haraka na mtu. Jioni hujishikiza kwenye vijiti vya nyasi, mara nyingine kadhaa pamoja, na hapo hawaondoki mpaka kesho yake jua litoke. Anayeanza naomba aanze na hawa. Watu wengi wanataka siku ya kwanza wampate kipepeo mkubwa wa buluu, wanarudi bila picha na hobi inafia hapo hapo. Mwezi mzima wa Acraea utakufundisha fokasi, mwanga na utulivu wa mkono, na ni vipepeo wazuri kwa haki yao.

Sasa namna ya kusogea. Macho ya kipepeo yanashika mwendo kuliko umbo. Usimkatize kwa upande, mwendee moja kwa moja, chini chini, magoti na viwiko ardhini ikibidi. Kivuli chako kisimguse hata kidogo, kwake kivuli ni ndege. Inua kamera usoni mapema, ukiwa bado mbali, kwa sababu ule mkono unaopanda ghafla ukiwa karibu ndio unaomfukuza. Kisha utazame mrija wake wa kunyonyea. Kama umejikunja, yuko njiani kuondoka. Kama ameushusha ndani ya ua na anahamahama polepole, amezama kwenye chakula na utapata muda. Maua ya kishona nguo na ya lantana ni mahali pazuri pa kumsubiri. Nimesema kumsubiri: kaa kwenye kichaka kimoja nusu saa, waache wakuzoee, wao ndio watakaokuja. Ukimfukuza kipepeo kondeni unapata mbio tu.

Turudi kwenye lenzi, kwa hesabu kidogo. Makro ya 1:1 ina maana kitu kinaangukia kwenye sensa, yaani kile kibao ndani ya kamera kinachopokea picha, kwa ukubwa wake halisi. Sensa kubwa ina upana wa mm 36. Kipepeo wa mlimau, Papilio demodocus, ana upana wa mabawa wa sentimita 10 au zaidi. Huyo hawezi hata kuenea kwenye picha ya 1:1! Unamhitaji kwa 1:3 au 1:4, na lenzi nyingi za kuvuta za mm 70–300 zinafika au zinakaribia hapo ukiwa umesimama mita moja au zaidi kutoka kwake. Umbali huo ndio unaoutaka kwa mnyama mwoga. Makro ya mm 100 kwa 1:1 inakutaka usogeze kioo cha mbele mpaka sentimita 15 hivi kutoka kwake. Utaihitaji siku utakapoanza kupiga mayai ya kipepeo, ambayo yana kama milimita moja, au wale wadogo kabisa kama Zizula hylax, ambaye upana wa mabawa yake ni sentimita 2 hivi. Kwa hiyo kama una hela ya lenzi moja, chukua ya kuvuta, tena iliyotumika haina shida, kisha tafuta kile kioo cha kuongeza ukaribu kinachofungwa mbele ya lenzi. Bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya makro.

Mipangilio haina siri kubwa. Ukiwa karibu hivyo, eneo linalotoka kali ni milimita chache tu, kwa hiyo weka kamera iwe sambamba na mabawa: akiwa ameyafumba mpige ubavuni, akiwa ameyatandaza mpige kutoka juu. Ukikosea pembe, bawa moja linakuwa kali na lingine ni ukungu, na hakuna programu ya kulirudisha. Jicho lazima liwe kali. Tundu la lenzi liweke f/8, panda hadi f/11 kama mwanga upo. Kasi ya kupiga isishuke chini ya 1/250 ya sekunde, maana upepo wa Tanga haumsubiri mtu. Msituni pandisha ISO, yaani wepesi wa sensa kushika mwanga, bila woga, picha yenye chembechembe ni bora kuliko iliyotikisika. Wale weupe, jamii ya Belenois, wapunguzie mwanga kidogo la sivyo mabawa yanatoka meupe tupu na mishipa yake haionekani. Basi.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni mimea, na hapa ndipo wapiga picha wengi wanapopita bila kuangalia. Kipepeo jike hutaga kwenye mmea anaoula kiwavi wake, si popote. Papilio demodocus anataka jamii ya michungwa. Una mlimau au mchungwa uani? Geuza majani machanga uone. Yai ni kitone cha manjano hafifu, mviringo. Kiwavi mchanga anafanana na kinyesi cha ndege, cheusi na cheupe, na hiyo ndiyo kinga yake. Akikua anageuka kijani, na ukimgusa anachomoza pembe mbili za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa zenye harufu kali. Baadaye anajifunga kwenye kijiti kwa uzi kiunoni na kuwa pupa, yaani anatulia ndani ya ganda mpaka ageuke kipepeo. Itazame kila siku. Ikianza kuwa nyeusi na ukaona rangi za mabawa kupitia ganda, amka mapema kesho yake, mara nyingi hutoka asubuhi. Akitoka mabawa yamekunjamana, anayajaza kwa kusukuma maji ya mwili, kisha ananing'inia muda mrefu yakauke. Hawezi kuruka wakati huo. Una mwanga wa asubuhi, una kipepeo mpya asiye na mkwaruzo hata mmoja, naye ni wa porini kabisa, hajafugwa na mtu. Picha nilizoulizwa zaidi na watu zilipigwa kwa njia hiyo, kwa simu, kwenye mlimau wa jirani.

Ukishaelewa huo mlimau, mengine yanafuata. Mstafeli na mitopetope, ya shambani na ya mwitu, huwavuta Graphium, wale wenye mwendo wa kasi na madoa ya kijani au meupe juu ya weusi. Jamii ya mjohoro ina Catopsilia florella, mweupe anayekwenda mbio barabarani akitokeza baada ya mvua. Mimea jamii ya mpesheni ni ya Acraea wengi. Mtu anayeijua miti ya kijijini kwao tayari ana nusu ya kazi, na ndiyo maana wafugaji wa vipepeo wa Amani, ambao hadi mwaka 2016 waliuza pupa kwa mabanda ya maonyesho ya nje ya nchi, ni walimu wazuri kuliko sisi wenye kamera. Hali ni hiyo hiyo kwa wakulima wa mradi wa Kipepeo pale Gede, Kenya, ulioanza mwaka 1993 ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Wanajua kiwavi yupi anakula jani gani. Ukipata nafasi, waulize, na usikilize.

Wa kivulini sasa. Charaxes, wale wanene wenye nguvu na mikia miwili miwili nyuma, hawana habari na maua. Wanataka utomvu wa mti uliojeruhiwa, matunda yaliyooza, hata kinyesi na mizoga. Ponda ndizi zilizoiva kupita kiasi, changanya na sukari, funika siku mbili tatu zichachuke, kisha zipake kwenye gogo linalopata jua kidogo. Charaxes akishatia mrija pale anakuwa mtulivu ajabu, unaweza kulala karibu naye kabisa. Kwenye njia yenye kivuli, hasa penye matunda yaliyodondoka, muangalie Euphaedra neophron: zambarau iliyoiva, na utepe wa rangi ya chungwa karibu na ncha ya bawa la mbele. Huyu anaruka chini chini, anatua hatua chache mbele yako, anaruka tena. Usimfuate. Simama, atarudi kwenye tunda lake. Ndani ya hifadhi usiweke chambo bila kumwambia mhifadhi au kiongozi uliye naye.

Usisahau mchanga mbichi ukingoni mwa mto. Siku ya jua kali baada ya mvua, kingo za Sigi zinaweza kuwa na kundi la vipepeo wamejipanga wanafyonza unyevu. Karibu wote ni madume. Wanatafuta chumvi, na sehemu ya chumvi hiyo humpa jike wakati wa kujamiiana, inaingia kwenye mayai. Lala kifudifudi kwenye mchanga, kamera ikiwa usawa wa macho yao, utapata safu nzima.

Kuhusu kutambua jina: piga mabawa juu na chini kila inapowezekana, kwa sababu spishi nyingi hutenganishwa kwa upande wa chini. Na ujue kwamba kuna wanaoigana. Danaus chrysippus, wa rangi ya chungwa na ncha nyeusi zenye nyeupe, ana sumu aliyoipata kutoka kwenye mimea ya utomvu mweupe akiwa kiwavi. Jike la Hypolimnas misippus, ambaye ndege angemla vizuri tu, amevaa sare ile ile. Angalia bawa la nyuma: Danaus ana madoa meusi matatu au manne katikati, Hypolimnas ana moja tu kwenye ukingo wa mbele. Dume la huyo Hypolimnas wala hafanani naye, ni jeusi lenye madoa makubwa meupe yaliyozungushiwa zambarau. Papilio dardanus amekwenda mbali zaidi. Dume ni la manjano lenye mikia, lakini majike ya kwetu hayana mikia na yana sura mbalimbali, kila moja ikiiga kipepeo mwingine mwenye sumu. Niliwahi kupiga jike na dume wameshikana kwenye jani moja, na bila picha ile mtu angeapa ni spishi mbili. Hifadhi tarehe na mahali kwa kila picha, na ukiweza pakia kwenye iNaturalist, tovuti ya kuweka picha za viumbe, ili wataalamu wakusaidie jina na rekodi ibaki.

Jambo moja sitalinyamazia. Utasikia ushauri wa kumkamata kipepeo, kumweka kwenye friji apoe, kisha kumpanga kwenye ua na kumpiga. Usifanye hivyo. Mtu mzoefu anaiona picha hiyo mara moja, miguu haijashika ua na mrija umekunjwa. Pia unampotezea siku mnyama ambaye kwa spishi nyingi maisha yake ya kuruka ni wiki chache tu. Ukimpiga bandani, sema ni wa bandani.

Mwezi wa kwenda: Amani mvua hunyesha karibu mwaka mzima, ila masika ya Aprili na Mei barabara ya kupanda kutoka Muheza inateleza vibaya. Mimi napenda mwisho wa Mei hadi Juni, majani mapya yapo na jua linaanza kurudi, kisha tena Desemba na Januari baada ya vuli. Ukiweza nenda misimu miwili, uwapige Bicyclus, wale wa kahawia wa sakafuni mwa msitu: wa wakati wa mvua wana madoa makubwa ya duara kama macho kwenye mabawa, wa kiangazi wamefifia kama jani kavu, na ni spishi ile ile. Kiingilio cha hifadhi kinalipwa getini, na chukua kiongozi wa pale pale, umwambie mapema kwamba unataka vipepeo ili akupeleke kwenye njia zenye uwazi na asikukimbize kwenye maporomoko. Lala huko juu. Ukilala Muheza mjini, mpaka gari lifike, zile saa mbili nzuri za asubuhi zimeshapita.