Usizungushie 2 wakati uchovu wako ni 7

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Dada, nimemaliza mionzi miezi minane sasa, vipimo safi. Lakini nikishapiga mswaki lazima nirudi kukaa kitandani. Daktari nimwambieje?" Nililia. Huyo ni mimi mtupu, miaka minne iliyopita.

Yangu ilikuwa saratani ya titi. Upasuaji, kemo, mionzi, hayo nimeshayasimulia. Nisichowahi kusimulia ni kilichofuata. Watu wananipongeza kwa kupona, na mimi nimesimama katikati ya ngazi, mkono ukutani, nguo za kufua begani, sikumbuki kama nilikuwa napanda au nashuka. Nalala usiku kucha, naamka nimechoka vilevile.

Kliniki walinipa dodoso fupi la maswali 9. Matatu ya kwanza yanauliza uchovu wako ukoje sasa hivi, kwa kawaida ukoje, na ulipozidi kabisa ndani ya saa 24 zilizopita ulifikia wapi. Sita yanayobaki yanauliza umekukwamisha kiasi gani: shughuli zako, hali ya moyo, kutembea, kazi, kuishi na watu, kufurahia maisha. Unazungushia namba, 0 (hakuna kabisa) hadi 10 (umezidi kabisa). Dakika chache umemaliza.

Nikazungushia 2 kote.

Wiki ile muuguzi mmoja alikuwa ameniambia, "Wewe mshukuru Mungu uko hai." Maneno yale yananichoma hadi leo. Nikaona kulalamika ni kukosa shukrani. Basi daktari akasoma 2, uchovu mdogo, akageuza ukurasa. Kuanzia 4 ndipo wengi wao huanza kuchimba. Nikapoteza miezi saba.

Siku niliyoandika kweli, 7, 6, 9, daktari aliweka kalamu chini. Akapima damu, akapima tezi ya thairoidi, akauliza usingizi, maumivu, huzuni, na dawa ninazomeza. Kumbe damu ilikuwa pungufu na usingizi umevurugika. Vikatibiwa. Akanianzishia kutembea dakika 10 kwa siku, nikabisha: mtu amechoka unamwambia atembee? Lakini mazoezi ya polepole yana ushahidi mzuri kwa uchovu huu, na mimi ni shahidi. Leo wastani wangu ni 3, na ngazi napanda bila kusimama. Najivunia namba hiyo kuliko cheti chochote nilicho nacho.

Kwa hiyo jamani, andikeni ukweli. Jaza mwenyewe, usimwachie mume wala binti. Swali la uchovu uliozidi kabisa usilipunguze hata kidogo, maana ndilo tunalolionea haya. Tunza nakala, ulinganishe na ya mwezi ujao. Ila linganisha dodoso na dodoso lilelile: lipo jingine la maswali 13, linauliza siku 7 zilizopita, jumla yake inafika 52, na humo alama kubwa ni nafuu. Mimi niliwahi kushtuka bure kwa hilo. Na nasema tena, andikeni ukweli. Daktari hatibu adabu zako, anatibu alichokisoma.

Mdogo wangu uliyeniandikia: omba hiyo karatasi kabla hujaingia kwa daktari. Ukishazungushia namba zako, pale chini penye nafasi andika habari ya mswaki na kitanda, kama ulivyoniandikia mimi.